Mwendo wa Mtani

Kila aliyezikwa mtaani kwetu katika miaka hii ishirini na tano, najua alivyokuwa akitembea. Nitajie yule muuza mkaa wa pale kona, nitasimama hapa hapa nikuonyeshe alivyokuwa akitanguliza bega la kushoto utadhani anapita mlango mwembamba. Nitajie mwalimu wa madrasa aliyekuwa akikohoa kwanza ndipo aitikie salamu, nitakukoholea mpaka ugeuke utazame nyuma yako. Wote ninao. Ninayemtafuta na simpati ni mmoja, na huyo ni mimi. Sijui mimi natembeaje. Aliyekuwa akijua ni mume wangu peke yake, na mume wangu tulimzika mwaka jana.

Tulitoka naye Tabora tukiwa vijana, tukapanga chumba cha uani Temeke. Yeye alikuwa fundi wa feni na pasi. Alifanyia kazi barazani mbele ya nyumba, meza yake ndogo, bisibisi zake tatu, na ukimya wake. Ungeweza kumletea feni, ukamweleza ilivyoharibika, ukaichukua jioni inazunguka, na katika yote hayo yeye akawa amesema maneno manne.

Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe. Ukihamia leo na mtoto mgongoni, kesho asubuhi wewe ni mama wa huyo mtoto, na baada ya wiki hakuna anayekumbuka kwamba uliwahi kuwa na jina jingine. Mimi sikuwa na mtoto. Tulingoja, tukaenda hospitali, tukaenda na kwa watu wasio wa hospitali, hatukujaaliwa. Basi kwa miaka mitano nilikuwa yule mpangaji wa uani, au mke wa fundi feni, au wewe dada. Walinisalimia vizuri, siwasingizii. Salamu ikiisha walirudi kwenye mazungumzo yao, nami nikaendelea na ndoo yangu. Ndani tu ndimo nilimokuwa na jina. Mume wangu aliniita kwa jina langu, lile nililopewa na bibi yangu, na alilitamka lote bila kulikata. Umekula, na jina. Funga mlango, na jina.

Mtu asiye na wa kuzungumza naye hutazama. Nilikaa kwenye kigoda changu nikichambua mchele na kutazama watu wakipita. Niliyempenda kuliko wote alikuwa bibi mmoja wa nyumba ya mbele. Nyonga yake ya kulia ilikuwa mbovu. Alitembea akiiangusha, mkono kiunoni, na kila baada ya hatua tatu au nne alisimama akaigombeza ardhi: "Nawe kaa sawa, unanitaka nini?" Halafu akaendelea. Bibi huyo ndiye pekee aliyekuwa akichungulia sufuria yangu na kuniuliza, "Leo unapika nini, mtoto wa watu?" Hakungoja jibu, lakini aliuliza.

Alipokufa nililia. Nilikaa na wanawake wenzangu kwenye jamvi, wengi wao wakinong'ona mambo yao, na mimi nikalia kilio cha kweli, kamasi na yote. Binti yake, mfiwa mwenyewe, mama wa makamo yangu, akageuka akanitazama.

"We dada, unalia sana. Kwani kwenu wapi?"

"Tabora."

"Tabora nani? Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mnyamwezi! Jamani nyie, kumbe tuna mtani humu uani siku zote hizi, na leo badala ya kufanya kazi yake anatulilia!"

Wao ni Wazaramo, wenyeji wa hapa tangu mababu. Kwa wasiojua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana ukacheka, akaingia jikoni kwako akafunua chungu na kujipakulia. Kwenye msiba ndiyo kazi yake hasa. Anavaa nguo za marehemu, anatembea mwendo wa marehemu, anasema kwamba afadhali amekufa maana alikuwa anawamalizia mchele, na wafiwa wanacheka machozi yakiwatoka. Sharti la utani ni moja tu: humnunii mtani wako, hata akuseme nini. Ukinuna umevunja kitu kikubwa kuliko kikombe.

Mimi sikutaka. Nilisema siwezi. Wakacheka, maana mtani kukataa ni sehemu ya mchezo, wakanivuta mkono wakanitupia kanga ya bibi begani. Ilikuwa bado inanukia karafuu. Nilisimama katikati ya wanawake wasiopungua hamsini, wote wakinitazama kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Nikaiangusha nyonga. Nikaweka mkono kiunoni. Hatua tatu, nikasimama, nikaigombeza sakafu: "Nawe kaa sawa, unanitaka nini?"

Ua mzima ukalipuka kwa vicheko. Mfiwa akainuka akanikumbatia, akacheka huku analia, akaniita: "Mama huyu! Jamani mama yangu huyu!" Alinishika mashavu akanitazama usoni, na najua kwamba hakuwa akinitazama mimi, ila siku ile sikujali. Nilikuwa nimeshikwa mashavu.

Asubuhi yake nilienda bombani nikachelewa kurudi kwa ajili ya kuitikia tu. Mtani, umeamkaje. Mtani, njoo hapa. Mtani, jana umetuua. Usinihurumie mapema, nilifurahi sana. Nilirudi na ndoo kichwani nikijiona mtu mwenye mtaa wake. Jioni nilimwonyesha mume wangu, nikatembea chumbani kutoka mlangoni hadi kitandani nikigombeza saruji. Alinitazama mpaka nikamaliza, hakucheka.

"Haya, sasa mvue bibi wa watu," aliniambia, "uje ule."

Nilikasirika, nikala nimempa mgongo. Nilidhani ananionea wivu.

Yule mfiwa akawa shoga yangu. Alikuwa na watoto wakubwa tayari, na mwaka uliofuata akajifungua kitinda mimba, binti, aliyezaliwa bibi yake ameshaoza ardhini. Mtoto yule alikulia mikononi mwangu. Neno la tatu alilolijua lilikuwa Mtani.

Nami nikawa fundi. Nilianza kuitwa na mitaa mingine, mpaka Mbagala, mpaka Kinondoni, wakaja kunichukua na bajaji. Nisiongope, niliwatazama watu wakiwa hai nikiwaza siku yao. Nikiwa sokoni Tandika nikimwona mama anapima vidole vya bamia kimoja kimoja, naweka akilini. Wapo waliojirekebisha mwendo wakinipita, wasije wakachekwa siku wakiwa hawawezi kujitetea. Nilijiona nina madaraka. Ukweli ni kwamba kila aliyekufa aliniachia kitu chake, na mimi sikuwa na mahali pa kukiweka ila mwilini, na huko walianza kubanana.

Niliugundua ubaya wa ufundi huo kwenye mkutano wa mtaa. Mfereji wa maji ya mvua ulikuwa umeziba, na kila masika maji yalikuwa yakiingia chumbani kwetu. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri tangu asubuhi. Niliponyoosha mkono, kabla sijafungua mdomo, mtu wa nyuma akasema, "Haya sasa, Mtani!" wakaanza kucheka. Nikasema, "Jamani, maji yanaingia ndani." Wakacheka zaidi. Nikasema kwamba sitanii, tunalala na sufuria kitandani. Hapo mwenyekiti mwenyewe alifuta macho. Unajua nilifanya nini? Nilikaza shingo, nikashika tumbo, nikatembea kama mwenyekiti. Walipiga makofi mpaka wakasimama. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi, na nilipokanyaga kizingiti ndipo nilipokumbuka mfereji. Masika ile maji yalifika kwenye godoro.

Mume wangu alikuwa akiyachota kwa kopo na kuyamwaga dirishani. Nilimsaidia, na katikati ya kazi ile, sijui kilichoniingia, nikamuuliza, "Hivi mie natembeaje?"

Akaacha kuchota.

"Nauliza kweli," nikamwambia. "Watu wote nawajua. Mie mwenyewe natembeaje?"

Akaweka kopo chini, akanyoosha mgongo, akafikiri kwa muda, maana alikuwa mtu wa kufikiri hata ukimuuliza kama chai ina sukari. "Unatembea," akasema, na jina langu, "kama mtu anayekwenda kuuliza kitu."

"Ndo kutembeaje huko?"

Basi yeye, ambaye hajawahi kuiga hata jogoo, akakunja suruali juu ya magoti akanionyesha. Alivuka chumba kile kwenye maji. Shingo mbele kidogo, mkono mmoja umeinuka mpaka kifuani vidole vimekunjwa, hatua ndogo ndogo, na karibu na mlango hatua zikapungua, kama mtu ambaye anataka kubisha hodi halafu anajiuliza kama wenyewe wapo. Alifika mlangoni akageuka.

"Hivyo," akasema.

Nilicheka. Nilimwambia ameharibu, mwendo gani huo wa kuombaomba. Akacheka na yeye, akaokota kopo lake. Nilimwona mtu yule kwa muda wa hatua saba au nane. Sikumwambia arudie. Nani anajua kwamba kitu kama hicho kinapaswa kurudiwa?

Alikufa asubuhi ya saa nne, barazani. Mteja alikuwa anangoja feni yake. Mume wangu aliiwasha kuijaribu, ikazunguka vizuri, akaweka kichwa mezani pembeni yake. Mteja alidhani anasikiliza injini. Tulimpeleka hospitali kwa bajaji, mimi nimempakata, na njia nzima nilikuwa nikimwita, naye hakuniitikia. Walituambia ni presha. Tukarudi naye. Maziko yalipangwa baada ya sala ya alasiri, kama ilivyo kawaida yetu.

Uani kukajaa. Wanaume wakafunga turubai mbele, wanawake wakatandika majamvi ndani mpaka mlangoni mwangu. Niliketi kwenye godoro chini, kanga imenifunika kichwa, na nilikuwa na nia moja tu. Nilitaka kumlilia mume wangu. Siku moja, siku ile tu, niwe mke wake, nimlilie kwa sauti yangu, kisha kesho mnifanye mnavyotaka. Nilimwita shoga yangu nikamwambia sikioni.

"Leo mie si mtani. Leo mie mfiwa. Waambie wenzio waniache, nakuomba."

Akanitazama. Mdomo ukaanza kumcheza, akaubana, ukamshinda. Akageukia wenzake akapiga kofi. "Jamani, mmemsikia? Mtani anasema leo yeye si mtani! Mume kamkimbia, sasa anataka na utani aukimbie!"

Wakacheka wote. Simlaumu. Nimewaza miezi mingi nimlaumu vipi, nimeshindwa. Ningekuwa mimi upande wa pili ningesema hivyo hivyo, tena ningesema vizuri zaidi. Katika utani hakuna neno la kusema kwamba umetoka kwenye utani. Ukisema leo sitaki, umetania. Ukilia, unaigiza mjane. Na kununa ndiyo hivyo, marufuku.

Kisha wakafanya walichopaswa kufanya. Marehemu ni Mnyamwezi, watani wake ni wao. Shoga yangu akalitoa shati la kazi la mume wangu pale lilipotundikwa, akalivaa juu ya gauni, akachomeka bisibisi mfukoni. Akajifanya anatengeneza feni. Alifoka: "Nani kaniharibia waya? Lete hiyo bisibisi, upesi!" Wanawake wakacheka. Mimi chini ya kanga yangu nikahisi hasira inapanda tangu miguuni. Mume wangu hakufoka hata siku moja. Hakusema upesi. Hakuwahi kushika bisibisi kwa ngumi kama mtu anayechimba muhogo. Walikuwa wakimzika mtu mwingine.

"Si hivyo," nikasema.

"Eti nini, Mtani?"

"Nasema si hivyo! Mnamharibu. Lete hapa."

Nilisimama nikamvua shati nikalivaa mimi. Nikainama juu ya stuli kama ilikuwa meza yake. Nikaigeuza taratibu ile feni isiyokuwepo, nikaipuliza vumbi, nikasogeza sikio, nikangoja. Mteja asiyeonekana akaniuliza kama itapona. Nikamtazama kwa muda mrefu. "Tutaona," nikasema, kwa sauti yake, ile ya chini inayoanzia kooni.

Kicheko kilikuja na kilio kwa pamoja, kama ninavyojua kukileta. Kwenye jamvi wanawake waliokuwa wakimjua kwa miaka thelathini walijifunika nyuso. Shoga yangu alikuwa akilia kwa kwikwi. Kila mtu mle ndani alimlilia mume wangu vizuri, isipokuwa mimi, maana mimi nilikuwa kazini. Mtu akiwa kazini halii. Nilikuwa bado nimeinama juu ya stuli waliposoma dua nje na kumwinua. Walipomtoa nilikuwa nimevaa shati lake, bisibisi mfukoni, na macho makavu. Niliwasikia wakisema kwamba Mtani ana moyo wa chuma.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, ndani, bila kutoka. Wengine huiogopa, mimi niliingoja kwa hamu. Nilidhani nikikaa peke yangu muda wa kutosha, bila mtu wa kunitazama, wale wote watatoka mmoja mmoja na atabaki yule aliyevuka maji. Kila mchana nilifunga mlango nikajaribu. Shingo mbele kidogo, mkono kifuani, hatua ndogo. Hatua ya kwanza nilikuwa mimi, naamini. Ya pili bega la muuza mkaa lilitangulia. Ya tatu nyonga ilianguka. Nikarudi mlangoni nikaanza upya, nikakohoa kikohozi cha mwalimu wa madrasa bila kutaka. Kile chumba si kikubwa. Nadhani nimekivuka mara elfu.

Binti wa shoga yangu, yule kitinda mimba, sasa ni msichana wa miaka ishirini na minne, anasuka nywele kwenye saluni moja huko Kinondoni. Alikuwa akija kila Jumatatu kuniletea uji wa mama yake. Siku moja nilimwuliza kama ana picha zangu kwenye simu.

"Bibi Mtani! Mbona ninazo kibao! Video kabisa."

"Nitafutie moja ninayotembea tu."

"Kutembea tu vipi?"

"Natembea zangu. Naenda sokoni, natoka chooni, popote."

Alipekua kwa kidole muda mrefu. Alinionyesha mimi kwenye msiba wa Mbagala, mimi kwenye hitima ya muuza mkaa, mimi nimevaa kofia ya mwalimu. Niliwatazama wote. Walikuwa wamefanana sana na wenyewe. "Za kawaida sina, bibi," akasema, na aliona nimenyong'onyea, akaongeza kwa wema, "Ila hizi watu wanazipenda balaa."

Mama yake alikuja wiki ile ile. Alinikuta nimelala, akaniinua, akanishikia bakuli.

"Unalijua jina langu?" nikamwuliza.

"Jina lako si Mtani?"

"Jina langu la kwetu."

Alifikiri kwa dhati, namsifu kwa hilo. Alikuwa amekula nami, amenizikia mume, amenipa mwanawe nimlee. "Mbona hujawahi kuniambia?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyefichwa kitu. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, akiliweka vizuri mdomoni. Akasema ni jina zuri. "Haya Mtani," akasema, "kunywa uji, unapoa."

Siku ya kumaliza eda walikuja asubuhi. Walinikogesha, wakanivika gauni jipya la rangi ya zambarau, wakaniweka uani kwenye kiti. Walipika pilau. Zikasomwa dua. Baada ya chakula, wakiwa wameshiba na jua limepungua ukali, shoga yangu akapiga makofi akasema kwamba Mtani kawafurahisha miaka yote, leo na yeye afurahishwe. Binti yake akaingia chumbani kwangu akatoka amejifunga kanga yangu ya kila siku, ile iliyofifia, na kitambaa changu kichwani.

Niliegemea mbele kabisa ya kiti. Msichana huyu nimempeleka shule nikiwa nimemshika mkono, amenitembelea kila wiki, ana macho. Nilijiambia kwamba kama kuna mtu aliyebaki anayenijua, ni huyu. Atanionyesha. Nitamwona yule mwanamke tena, na safari hii nitamwambia arudie.

Akasimama katikati ya uwanja. Akaweka mkono kiunoni. Akaiangusha nyonga ya kulia, akapiga hatua tatu, akasimama, akaigombeza ardhi.

"Nawe kaa sawa, unanitaka nini?"

Wanawake wakapiga vigelegele. "Ndiye! Mtani mtupu! Ndiye huyo huyo!" Msichana akaendelea, hatua tatu, kusimama, kugombeza, anafurahi kwamba amenipatia sawasawa. Hakumwona bibi yake maishani. Hakujua. Ni shoga yangu peke yake aliyeacha kupiga makofi. Nilimwona uso ukimbadilika, akainuka polepole, akamwendea mwanawe akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mama," akasema. "Jamani, mama yangu huyu."

Wakamzunguka. Wazee waliomfahamu yule bibi walianza kulia na kucheka, kila mmoja akimkumbuka alivyokuwa. Ilikuwa furaha kubwa kweli, na mimi ndiye niliyekuwa nimewahifadhia mama yao miaka yote ile, kwa hiyo nisiseme kwamba sikuwa na changu pale. Nilikaa kwenye kiti changu na gauni langu jipya. Hakuna aliyekuwa akinitazama.

Basi nikasimama niingie ndani. Na kwa kuwa hapakuwa na macho, nikajaribu. Nilitoa shingo mbele kidogo. Niliinua mkono mpaka kifuani, nikakunja vidole. Nikaanza kuuvuka uwanja kwa hatua ndogo ndogo, na sijui ni kwa sababu gani, kwa kuwa nimechoka au kwa kuwa sikuwa natumaini tena, hakuna aliyeingia. Si muuza mkaa, si mwalimu, si bibi. Hatua ya tatu nilikuwa mimi. Ya tano nilikuwa mimi. Nilipokaribia mlango hatua zikapungua zenyewe, na nikamkumbuka mume wangu amekunja suruali, maji yanamfika karibu na magoti, na machozi ambayo sikuyatoa siku ya maziko yakaanza kunijia.

Nyuma yangu kelele zikanyamaza. Kisha nikasikia kicheko kimoja, cha shoga yangu, na vingine vikafuata.

"Jamani, Mtani kaanza! Hata pilau haijashuka!"

"Huyo sasa ni nani?"

"Ngoja, usiniambie. Si mama wa duka la mafuta ya taa?"

"Wapi! Yule alikuwa anaburuza ndala."

"Basi nani? Mtani, huyo nani? Tumemzika lini huyo?"

Niligeuka. Walikuwa wamekaa wote wananitazama, nyuso zimechangamka, wanangoja. Shoga yangu alikuwa amekunja paji la uso akijitahidi kumkumbuka. Alikuwa akijitahidi kweli.

"Hatumjui, Mtani," akasema mwishoni. "Huyo umemtoa wapi?"

Nikawaambia ni mtu wa huko kwetu Tabora, alikufa zamani, hawakuwahi kumfahamu. Wakasema masikini, anachekesha, anatembea kama anaogopa kubisha hodi. Wakaniomba nirudie. Nikarudi hadi kwenye kiti, nikageuka, nikarudia.